Wakwe Waliofika Bila Lori

Wakwe wa Donatus walifika siku ambayo hakuna lori lililofika. Jambo hilo peke yake lingemfanya mtu mwingine yeyote aulize maswali mawili matatu. Lakini Donatus alikuwa mkwe, na kwao mkwe haulizi, hatazami, na ikiwezekana hapumui kwa sauti.

Kwao kulikuwa Urundi, milimani upande wa Muyinga. Alivuka mpaka na mkewe Klara wakiwa bado wanaitwa maharusi, wakaja Tanganyika kutafuta riziki katika mgodi wa dhahabu huku Geita, na tangu hapo hawakurudi nyumbani hata kuzika. Mwaka huo wa 1950 Donatus alikuwa anasukuma toroli la mawe chini ya ardhi. Walipewa nyumba katika kambi ya wafanyakazi: vyumba viwili vya matofali chini ya paa la bati, mlango mmoja tu mbele, na jiko lenye kidirisha cha kutolea moshi. Mtoto wao wa kwanza, Epifania, alizaliwa humo. Alikuwa mtoto msemaji, mwenye maswali kuliko hakimu, na alichanganya Kirundi cha mama yake, Kiswahili cha kambini na Kisukuma cha watoto wa majirani bila kujali nani anamwelewa. Babu na bibi aliwajua kwa kusimuliwa tu.

Kisha Klara akajifungua mtoto wa pili, wa kiume, na homa ya uzazi ikamshika ikakataa kumwachia. Akapelekwa hospitali ya misheni, safari ya kutwa nzima kwa lori, yeye na kichanga chake. Donatus akabaki na Epifania. Akiwa zamu, mtoto alishinda kwa jirani yao Mwanaima, mwanamke wa Tabora aliyekuwa akikaanga vitumbua na kuwauzia wachimbaji. Lakini mtoto si kuku, huwezi kumwachia jirani mwezi mzima. Donatus akamwagiza msafiri mmoja aliyekuwa anarudi Urundi: waambie wazazi wa Klara waje watusaidie kulea. Jibu likaja kwa kinywa cha msafiri mwingine kwamba wazee wanakuja, mtama ukishavunwa tu.

Mtama ukavunwa, na mvua nazo zikaja kwa hasira. Daraja la njia ya Biharamulo likachukuliwa na maji. Malori yakakwama ng'ambo, kambi nzima ikawa inalalamikia chumvi na mafuta ya taa.

Ni katika siku hizo hizo, jioni moja, Donatus alipotoka zamu amelowa chapachapa akapita kando ya shimo la zamani. Shimo hilo lilichimbwa na wazungu wa mwanzo, likaua watu, likazungushiwa magogo, na Wasukuma wa pale walikuwa wanazunguka mbali ili wasipite karibu nalo. Donatus hakuwahi kuuliza kwa nini. Njia ile ilikuwa fupi, na yeye alikuwa na njaa.

Karibu na magogo walikuwa wamesimama wazee wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na mzigo kichwani. Macho ya Donatus yalifika kwenye upindo wa nguo ya yule mwanamke, yakaanguka chini yenyewe.

Inafaa tuelewane hapa, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka katika shingo hiyo iliyoinama. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye chakula, hatamki jina lake, halali naye chini ya paa moja, na akikutana naye njiani huingia majanini mpaka apite. Baba mkwe naye hutazamwa kwa kuiba, tena mara chache. Donatus alioa, akazaa, akahama nchi, bila kuujua uso wa mwanamke aliyemzaa mkewe, na angeona haya kuujua.

"Baba! Mama!" akasema akiutazama udongo. Machozi ya furaha yalimlenga, kwa sababu miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu wa kwao kukanyaga mlango wake. "Mmefika? Karibuni. Karibuni sana nyumbani kwangu, mtoto anawasubiri."

"Tumekaribia," wakajibu wote wawili kwa pamoja, kwa Kirundi safi cha milimani.

Akatangulia mbele akiwapa mgongo, kama adabu inavyotaka. Mvua ilikuwa inapiga vibaya. Alinusa harufu ya baruti na jiwe lililolowa, akadhani ni nguo zake za kazi. Hakusikia nyayo nyuma yake, akadhani ni mvua. Walipofika mlangoni aliinama kupokea mizigo, na mizigo ilikuwa mikavu, ina vumbi. Hapo akajiambia kwamba wazee wa zamani wanajua kufunga mizigo, akaridhika na jibu lake.

Kwa kuwa hakuweza kulala chini ya paa moja na mama mkwe, Donatus alihamia kwa Mwanaima. Mumewe Mwanaima alimpa nafasi jikoni, kwenye mkeka. Wageni wakalala chumba cha ndani, pamoja na Epifania.

Kila siku Donatus alipika ugali, akaweka samaki au maharage, akamkabidhi Epifania sinia alipeleke ndani. Yeye alisimama nje, uso kaskazini, na kuuliza kama wazee wameshinda salama. "Salama," sauti mbili zilijibu, daima kwa pamoja. Sinia lilirudi tupu. Jua likikaribia kuzama wazee walitoka, wakashika njia ya mgodini, wakarudi giza likiwa limeingia. Wananyoosha miguu, Donatus aliwaza, akageuka asiwaone wakipita.

Siku za kwanza Epifania alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Alimsimulia baba yake kila kitu.

"Bibi ananiita mke mwenzake," alisema akicheka. "Anasema tutagombana kwa ajili ya Babu."

"Ndivyo bibi wote walivyo," Donatus akasema, na moyo wake ukachangamka. Huo ndio utani wa kwao hasa.

"Na tunacheza mchezo. Mimi ninalala chali, Bibi ananiwekea mawe kifuani. Moja, halafu jingine. Babu anahesabu. Nikilia nimeshindwa."

"Mawe gani?"

"Ya kwenye mzigo wao. Baba, kwa nini Bibi hana..."

"Nyamaza!" Donatus aliangaza huku na huku. "Nimekukataza nini? Mambo ya Bibi mimi sisimuliwi. Unataka nipate laana?"

Mtoto akanyamaza. Alikuwa na swali zito kooni na baba yake ndiye aliyelisukuma lirudi. Akajaribu tena kesho yake, akachapwa kofi dogo. Baada ya hapo hakujaribu tena, na huo ndio ulikuwa mwisho wa maswali ya Epifania. Akawa mtoto mpole, mwenye heshima, asiyesema ovyo. Wapo waliomsifu Donatus kwa malezi.

Akakonda. Mashavu yaliingia ndani, na chini ya macho kukawa na rangi ya kijivu. Mwanaima alipomwogesha aliona kifua kimejaa michubuko ya duara, mingine ya buluu, mingine imegeuka njano. Na alipomtilia kitumbua mdomoni mtoto alikitema, akaokota changarawe uani, akaanza kuitafuna taratibu kama mtu anayekula karanga.

Siku hiyo Mwanaima hakwenda kuuza. Alimsubiri Donatus njiani, akamvuta pembeni ya tangi la maji.

"Baba Epifania, mimi si mkwe wa wale wazee. Mimi ninaruhusiwa kuwatazama, sivyo?"

"Unaruhusiwa."

"Basi nimewatazama." Alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Jana jioni wakitoka. Nilimwangalia yule mama usoni, ninataka kumwamkia. Wallahi sikuweza. Uso hautulii. Ukishika pua, macho yamehama. Ukitafuta mdomo, umeshapata kitu kingine. Nilitapika, Baba Epifania. Nimekaa pale uani kwangu nimetapika."

"Ni mzee. Safari imemchosha."

"Wamekuja na lori gani?"

Donatus akageuka kuitazama njia ya malori.

"Daraja halipo," Mwanaima akasema. "Hakuna lori wala baiskeli iliyopita. Niambie wewe uliwapokea wapi."

Akamwambia. Alipotaja shimo la zamani, Mwanaima alishika kichwa kwa mikono miwili, akaketi chini kwenye tope na kanga yake mpya.

Jioni hiyo Donatus alimchukua Epifania wakati wazee wametoka, akamlaza kwa Mwanaima, kati yake na ukuta, mlango ukapigwa komeo na kuegemezewa gunia la unga. Mtoto hakubisha. Alilala amenyooka kama kijiti, macho wazi. Donatus aliapa kutosinzia, na kwa muda mrefu hakusinzia, akisikiliza mvua ikipungua kwenye bati na nyuma ya mvua sauti ya jiwe likiwekwa juu ya jiwe, taratibu, bila haraka, ngo, halafu kimya, halafu ngo, sauti iliyotoka nyumbani kwake mwenyewe ng'ambo ya ua, ambako hakukuwa na taa wala mtu wa kuzungumza, na kila jiwe lilipowekwa mtoto aliyelala kando yake alitoa mguno mdogo, ule wa mtu aliyetwishwa mzigo, ingawa juu ya kifua chake hakukuwa na kitu isipokuwa mkono wa baba yake. Kulipopambazuka komeo lilikuwa mahali pake na gunia mahali pake. Mtoto hakuwapo. Alikuwa nyumbani, chumba cha ndani, anakunywa maji kwa kata ambayo mkono mwingine ulikuwa umemshikia, na Donatus aliyechungulia mlangoni aliuona mkono huo, akafumba macho kwa heshima.

Kwa heshima! Hata hapo.

Mwanaima akampeleka Donatus kwa Luhende, mfumu, yaani mganga wa Kisukuma, aliyekaa nje ya kambi. Alikuwa mzee mfupi, mchafu kidogo, asiyependa maneno mengi. Alimpa Donatus kifaranga akitemee mate mdomoni, kisha akakichinja, akakipasua, akakitandaza mabawa na kuyasoma madoa ya damu kwa ncha ya kisu. Alisoma kwa muda mrefu na uso wake ukawa mbaya.

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema, "hawa hawakuja. Hawa umewaleta. Walikuwa wamesimama tu, kama wanavyosimama kila siku, na watu wanapita. Wewe ukawaita baba na mama. Ukawaambia karibu."

"Sikujua, mzee."

"Wao hawajali ulijua au hukujua. Walikaribishwa." Akakifuta kisu kwenye jani. "Mtoto wamekaribia kummaliza. Wakimaliza, wataondoka naye. Ukimkimbiza watamfuata, maana amekula nao."

Donatus akapiga magoti. Alilia bila kujificha. "Nifanye nini? Nina huyo na mwingine mchanga tu. Mama yake hajui lolote. Nifanye nini, mzee?"

Luhende akampa mzizi mweusi. Akamweleza polepole, akimrudishia kila neno mpaka alisikie. Jioni, wazee watakapokuwa wametoka, amfungie mtoto ndani. Achemshe maji na mzizi ule na chumvi nyingi, asimame mlangoni na sufuria. Watakaporudi na kupiga hodi, amtazame mwanamke usoni.

"Mtazame sawasawa. Walioingia kwa heshima hutoka kwa kuvunjiwa heshima. Mtazame, mtukane, kisha mmwagie. Mume atamfuata mkewe."

"Mama mkwe?"

"Si mama mkwe wako!"

"Najua, mzee. Lakini shingo yangu haijui."

Luhende alimshika kidevu akakiinua kwa nguvu, kama anayemnywesha ng'ombe dawa. "Kutazama ndiyo dawa yenyewe. Maji ni maji tu. Ukimtazama utajua. Ukiona uso unaotulia, uso wa mtu, weka sufuria chini. Umenisikia? Usimwage kabla hujatazama."

"Nimesikia."

Njiani Mwanaima akamuuliza, "Na wakwe zako wa kweli?"

"Watakuwa wamerudi Urundi," Donatus akasema. "Nani atasubiri daraja mvua yote hii?"

Akajifariji kwa maneno hayo. Kumbe mchana wa jana yake watu wa barabara walikuwa wamelaza magogo juu ya mto, na lori la kwanza lilikuwa limevuka kwa shida, likapitia misheni kuchukua wagonjwa waliopona. Ndani yake alikuwamo Klara na mtoto wake mgongoni. Pembeni yake walikaa baba yake, mzee Cornel, na mama yake, bibi Febronia, ambao siku zote hizo walikuwa wamekwama ng'ambo wakila mtama waliomletea mjukuu. Walikuwa wamekutana hapo hapo kwenye lori, wakalia mpaka abiria wengine wakalia nao.

Jioni ikafika. Wazee wa shimoni wakatoka kama kawaida, Donatus akiwa amegeukia ukuta. Alipogeuka tena walikuwa wameshapotelea kwenye manyunyu. Akamwingiza Epifania chumba cha ndani, akamfunika blanketi.

"Usitoke hata nikipiga kelele. Baba anakwenda kuwafukuza."

"Kwa nini unawafukuza Babu na Bibi?" Lilikuwa swali la kwanza baada ya muda mrefu, na Donatus nusura acheke kwa furaha.

"Si babu na bibi yako, mwanangu."

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia ni wao," mtoto akasema.

Donatus akafunga mlango, akasimama nje chini ya upenu. Moto wa mafiga ulikuwa unalia chini ya sufuria, maji yanatokota meusi, harufu ya mzizi inachoma pua, mvua imeanza upya na inapiga bati kwa fujo kiasi kwamba honi ya lori kule kituoni haikumfikia, wala vigelegele vya wanawake waliomwona Klara akishuka na kichanga chake. Klara alikuwa bado dhaifu, akasimama kwa jirani kupumzika na kujibu salamu, lakini mama yake hakuweza kungoja: alikuwa ametembea na kupanda malori kutoka nchi nyingine ili amwone mjukuu mmoja ambaye hajawahi kumshika, na alipoonyeshwa nyumba kwa kidole alishika mkono wa mumewe akamvuta, mzee na mkongojo wake, wakakata ua wakicheka kama vijana wanaokwenda ngomani, mpaka walipomwona mwanamume amesimama chini ya upenu, ndipo bibi Febronia akakumbuka adabu, akavuta nguo yake kuziba nusu ya uso, akasimama upandeupande, akapaza sauti kwa Kirundi.

"Hodi hapa! Tumefika, jamani. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Donatus alishika sufuria kwa matambara. Mtazame, alijiambia, mtazame, mtazame, na kwa kweli alijaribu, alikaza shingo mpaka mishipa ikasimama, akainua macho kutoka kwenye tope mpaka miguuni pa yule mwanamke, miguu iliyopasuka visigino na yenye matope ya kweli mpaka kwenye vifundo, akainua kutoka miguuni mpaka kwenye upindo wa nguo, na hapo, kwenye upindo, yakaanguka yenyewe, kama yalivyofundishwa na baba yake na baba wa baba yake, na huku yameanguka, huku kichwa kimeinama kama cha mtu anayepokea baraka, alipaza tusi kubwa la kwao ambalo hata walevi hawalitumii, akarusha maji yote mbele yake kwa nguvu zake zote.

Mlio uliofuata ulikuwa wa mtu. Hilo alilijua mara moja. Hakuhitaji kutazama kujua.

Lakini alitazama. Aliona mwanamke mzee amepiga magoti, mikono miwili imebandikwa usoni na ngozi ya mikono inachunika pamoja na ya uso, na kati ya vidole aliona kipaji cha Klara, nyusi za Klara, kidevu cha Klara kilichozeeka. Uso uliotulia. Mzee Cornel alikuwa amesimama na mkongojo wake, mdomo wazi, anamtazama mkwe wake kama mtoto aliyepigwa bila sababu.

"Donatus," akasema. "Tumekukosea nini?"

Majirani wakamiminika. Klara alikuja mbio, na kichanga kinarukaruka mgongoni. Alimwona mama yake, akamwona mumewe na sufuria, na hakupiga kelele, alibaki amesimama tu akitikisa kichwa, hapana, hapana. Kisha likamjia jambo jingine.

"Epi yuko wapi?"

Donatus akageuka kwenye mlango. Ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Mwanaima ndiye aliyeufungua. Chumbani blanketi lilikuwa limetandikwa vizuri, na juu yake mawe yamepangwa kwa urefu wa mtoto, kutoka kichwa mpaka miguu. Kidirisha cha jiko kilikuwa wazi, nacho kilikuwa kidogo, paka mnene asingepita.

Wakatafuta kambi nzima na taa za kabaidi za wachimbaji. Kwenye shimo la zamani walikuta magogo mawili yamesogezwa. Wanaume wakateremshana kwa kamba, wakafika kwenye maji, wakapandishwa mikono mitupu. Askari wa kambi walimfunga Donatus pingu akiwa amekaa palepale kwenye tope, wakampeleka boma. Alijieleza njia nzima. Alisema wakwe, akasema majini, akasema mzizi na kuku, na karani aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu akamuuliza kama amekunywa pombe. Aliposema kwamba hakumtazama mama mkwe kwa sababu ya heshima, chumba kizima kiliangua kicheko. Hakurudi tena Geita.

Bibi Febronia hakufa. Ingekuwa afadhali kwake. Macho yote mawili yaliharibika, wakayafunga kwa vitambaa, na mikono wakaipaka asali na kuizungushia vitambaa mpaka ikawa kama mafundo. Alilazwa chumba kile kile cha ndani. Mchana na usiku aliuliza kitu kimoja: mtoto amepatikana? Klara alikuwa amekauka machozi na karibu akauke maziwa, anazunguka ndani ya nyumba na kichanga begani akimwimbia bila kujua anaimba nini.

Asubuhi moja mvua ilipokatika, mlango ukagongwa kwa ngumi ndogo.

Klara akafungua. Epifania alikuwa amesimama kizingitini, nguo yake kavu, nywele zimejaa vumbi jeupe la mawe.

"Mama," akasema, akatabasamu.

Sitaelezea furaha ya Klara. Alianguka chini, akamkumbatia, akambusu miguu, akapiga yowe lililomfanya Mwanaima aje mbio, naye Mwanaima alipofika mlangoni akasimama hapo, akamtazama mtoto, akamtazama sana, akarudi kinyumenyume mpaka kwake, akafunga mlango. Klara hakumjali. Mzee Cornel alikuwa bado kule shimoni na watu wa kamba. Klara akamwita mtu amkimbilie, kisha akamshika mwanawe mkono akampeleka chumbani.

"Mama! Mama, amerudi! Huyu hapa mjukuu wako, mshike!"

Bibi Febronia akanyanyuka kwenye mto. Akatanua mikono yake yenye vitambaa, akamvuta mtoto kifuani, kwa njaa yote ya safari ile. Akamshika hivyo. Kisha mikono ikaanza kutembea, mgongoni, shingoni, kifuani, ikarudi kifuani, ikatulia hapo. Mtoto alikuwa anamtazama mama yake juu ya bega la bibi.

"Klara," bibi akasema kwa sauti ya chini sana. "Mwondoe."

"Nini?"

"Mwondoe huyu. Kifuani hapigi kitu. Moyo hakuna, Klara. Mwondoe, halafu mchukue mwanao mdogo ukimbie."

"Mama, mikono yako imeungua! Itasikia nini?"

"Nimezaa tisa. Mtoto ninamjua hata nikikatwa mikono. Huyu si mtoto."

Klara akamnyang'anya Epifania kutoka mikononi mwake kwa nguvu, bibi akalia kwa maumivu.

"Hujawahi hata kumwona!" Klara akafoka. "Leo ndiyo mara ya kwanza unamgusa, unajua nini? Mume wangu yuko jela kwa maneno hayo hayo. Alitazama watu akasema si watu. Uso wako umeungua kwa maneno hayo hayo, mama! Na mimi nimfanye nini mwanangu, nimmwagie maji ya moto?"

Bibi Febronia alilala tena, akageuzia ukutani ile sehemu ya uso iliyobaki.

Kichanga kikaanza kulia kwa njaa. Klara alikuwa na hasira na furaha, vyote viwili, na mtungini hakukuwa na hata tone la maji ya kumwogeshea mtoto aliyerudi. Epifania akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akatandaza mapaja kwa adabu.

"Nipe mimi nimpakate, mama," akasema.

Klara akamfuta vumbi kwenye shavu, akamweka mdogo wake mapajani, akachukua ndoo, akatoka. Alikuwa ameinama bombani anakinga maji aliposikia kilio cha kichanga kimekatika ghafla. Akamshukuru Mungu kwa kumrudishia mtoto anayejua kubembeleza, akaiacha ndoo ijae.